Maji Moto ya Mama Naliaka

Selpha alisikia harufu ya mama yake kabla hajamshika mkono. Ilikuwa harufu ya nguo zilizokaa mwilini, na mkojo kidogo, na mafuta ya kujipaka yaliyopakwa juu ya ngozi isiyooshwa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba ungali begani, akamtazama Brigid, mke wa kaka yake.

Brigid alielewa. Alikuwa ametoka kazini muda huohuo, ovaroli yake ya buluu imejaa vumbi la mabati magotini, bisibisi mbili zikichungulia mfukoni.

"Mama alioga lini?" Selpha aliuliza.

"Juzi."

"Juzi gani?"

"Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mama Naliaka alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi mbili miguuni. Tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa tatu, upande wake wa kulia ulikuwa mzito, na mkono wa upande huo ulijikunja kifuani, vidole vimefunga ngumi. Maneno yake yalitoka polepole, moja moja, lakini akili haikuwa imehama.

"Mimi ndiye nilikataa," alisema. "Maji ilikuwa baridi. Nikasema kesho."

"Na kesho yake, Mama?"

"Pia nikasema kesho."

Selpha hakumgeukia. Macho yake yalikuwa bado kwa Brigid. "Dadangu, Kesses hii yote wanakuita fundi. Umewawekea watu stima ya jua mpaka Chepsaita huko. Hapa kwako kuna paneli sita juu ya nyumba, mtu anaziona akiwa barabarani. Lakini mama yangu anakosa karai moja ya maji moto. Kweli kinyozi hajinyoi."

Nje, chini ya dirisha, wanafunzi wawili wa chuo waliopanga vyumba vya uani walikuwa wakifua. Mikono yao ilisimama ndani ya povu. Brigid aliona hivyo, na uso wake ukapata moto.

"Dada Selpha, makaa imeloa. Msichana aliyekuwa ananisaidia alirudi kwao wiki mbili zilizopita. Mimi natoka saa kumi na mbili, Baba Mercy pia. Nikirudi ndipo nawasha jiko, na jiko lenyewe linataka saa nzima lipate moto."

"Sikuja kusikiliza habari ya makaa. Kule kliniki walisema nini? Maji ya moto mara mbili kwa siku, mkono ukandwe ndani yake. Si nilikuwepo? Nilisikia." Selpha alipiga magoti mbele ya kiti, akashika ile ngumi, akajaribu kuufungua mkono. Mama Naliaka alikunja uso. Selpha akauacha. "Jumapili nakuja na gari. Mama anarudi Kimilili."

Kila mtu humo ndani alijua Kimilili maana yake nini. Selpha alikuwa mwalimu, alitoka kwake gizani na kurudi jioni, na Mama Naliaka angeshinda na msichana wa kuajiriwa asiyejulikana. Na kliniki ya viungo ya kila Alhamisi mjini Eldoret ingebaki huku, yeye akiwa kule.

*

Wabuge, mume wa Brigid na baba wa Mercy, binti yao aliyekuwa shule ya bweni, alikuwa karani katika duka la mbegu mjini. Alikuwa mtu mpole aliyezoea kusubiri wateja wamalize kufoka ndipo aandike risiti. Aliposikia mambo ya dada yake, alisukuma sahani ya ugali kando.

"Pengine ana haki," alisema.

"Ya kumchukua?"

"Ya kukasirika. Mimi ndiye mtoto wa kiume, na hata siwezi kumwogesha." Hilo halikuhitaji maelezo. Kwao, mwana hauoni uchi wa mama yake, hata mama awe mgonjwa namna gani. Wabuge angeweza kumpikia, kumbeba hadi mlangoni mwa bafu, kumfulia shuka. Zaidi ya hapo ilikuwa kazi ya Brigid, na Brigid hakuwahi kuilalamikia. Miaka kumi na moja iliyopita, watu walipocheka kwamba bi harusi anataka kusomea umeme, Mama Naliaka aliuza ng'ombe wake wa maziwa akalipa karo ya chuo cha ufundi. Kisha akasema mbele ya wazee kwamba ng'ombe hutoa maziwa miaka michache, lakini mkono wenye kazi haukauki.

"Tununue gesi kubwa," Wabuge alisema.

"Karai mbili kila siku, Baba Mercy? Itaisha kabla ya mwezi kufika nusu, na mtu wa kuiwasha saa nane mchana bado hayuko."

"Basi hiyo sola."

Brigid alitikisa kichwa. Hili alikuwa amelisema katika nyumba za watu kwa miaka tisa, mpaka ulimi ulilisema peke yake: taa sawa, televisheni sawa, friji ndogo sawa, pasi hapana, birika hapana. Kitu chochote cha kuleta joto kinanyonya betri kama ndama mwenye njaa. Wateja waliokaidi walimwita baadaye wakiwa gizani, naye aliwarudia kwa upole uleule na kuwaambia tena.

"Sola si ya kuchemsha maji," alisema, akaanza kutoa vyombo.

*

Jumatano alimaliza kazi mapema, akawa nyumbani saa tano na nusu. Asubuhi za Julai hupata jua kali hapo Kesses, kabla mawingu hayajapanda kutoka upande wa msitu na kumwaga mvua ya alasiri. Alimpa Mama uji, akakaa karibu naye kwenye stuli. Juu yao, ukutani, kifaa cha sola kilikuwa kikiwaka namba zake za kijani.

"Hiyo inasema nini?" Mama Naliaka aliuliza.

"Inasema betri imejaa, Mama. Imejaa tangu saa nne."

"Na jua bado linawaka."

"Linawaka, lakini halina mahali pa kuingia. Betri ikijaa, hiki kifaa kinafunga. Zile paneli zinakaa tu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tuwashe taa jioni."

Mama Naliaka alikunywa uji, akafuta mdomo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameuza maziwa maisha yake yote. "Mikebe ikijaa," alisema, akapumzika, "yanayobaki unapatia ndama. Humwagi."

Brigid alitaka kumweleza kwamba umeme si maziwa. Badala yake alisimama, akasogea karibu na zile namba. Paneli zingeweza kutoa wati elfu moja na mia nne kwa jua lile. Zilikuwa zinatoa mia moja na ishirini, ya friji na chaja ya simu. Zilizobaki zilikataliwa mlangoni, leo, jana, na kila siku ya miaka mitatu tangu shule moja ya binafsi iliyoshindwa kumlipa impe paneli zake badala ya pesa.

Kanuni yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa kanuni ya betri. Umeme ambao betri imekwisha kuukataa hauinyonyi betri chochote.

"Mama," alisema, "utakaa peke yako dakika kumi?"

"Nimekaa peke yangu wiki mbili. Nenda."

*

Mzee Kipyego, jirani yake, alikuwa anarekebisha kitasa cha zizi. Alikuwa na ng'ombe watano wa gredi, wa maziwa mengi, na kondoo wasiohesabika. Brigid alimweleza anachotaka: mkebe mmoja wa zamani wa maziwa, wa chuma kisichoshika kutu, wa lita hamsini.

"Iko mmoja ilitoboka hapa chini. Sasa unataka kufanya nini nayo?"

"Kuchemsha maji na jua."

Mzee alimtazama, akatazama mawingu madogo yaliyoanza kujikusanya. "Jua ya Julai?"

"Ya asubuhi, Mzee. Nikiyapasha asubuhi, shida ni kuyazuia yasipoe mpaka jioni. Nitayafunika na magunia."

"Magunia haiwezi." Alitupa nyundo chini, akaingia kwenye banda, akatoka amebeba furushi la kijivu lenye harufu ya zizi. "Hii ni manyoya ya kondoo. Zamani tulikuwa tunauza, siku hizi hakuna mtu anataka. Iko tele. Kondoo analala nje kwa hii baridi na hafi, kwa hivyo hiyo maji pia haitakufa."

"Nitakulipa nini?"

"Ikifanya kazi, utanipatia ndoo nusu kila siku ya kuosha kiwele ya ng'ombe. Wakioshwa na maji baridi wanapiga teke."

Omollo, mchomeleaji wa pale sokoni, aliziba tundu, akaweka koki chini na nafasi ya koili ya kuchemshia maji pembeni, akaacha kifuniko kikiwa na tundu la kupumulia mvuke. Alhamisi Brigid alimpeleka Mama kliniki, na jioni akafunga koili na waya wa ardhini wa usalama, akaviringisha mkebe kwa manyoya, kisha magunia, kisha karatasi ya nailoni. Ulisimama juu ya matofali nje ya ukuta wa bafu kama mtu mnene aliyevaa koti la mvua. Wale wanafunzi walipita wakauangalia.

"Aunty, hiyo ni tanki ama ni mgonjwa?" mmoja aliuliza.

"Ni fundi mwenzangu," Brigid alisema, na wakacheka wote.

*

Kosa lilikuwa la Ijumaa, na lilikuwa la Brigid.

Kifaa kidogo cha kusoma betri, kile ambacho kingewasha koili betri ikijaa na kuizima ikianza kushuka, kilikuwa bado dukani mjini. Brigid hakutaka kupoteza siku. Aliweka swichi ya kawaida ukutani, na betri ilipojaa akaiwasha kwa mkono wake, akijua atakuwepo. Saa sita akapigiwa simu kutoka Chepkoilel: mteja mwenye duka la dawa, friji ya chanjo imezima. Alitazama anga. Lilikuwa safi. Alihesabu saa moja kwenda na kurudi kwa bodaboda.

Zikawa tatu. Mawingu yalipanda mapema, na koili, ambayo haikujua habari ya mawingu, iligeukia betri.

Mama Naliaka aliona namba za kijani zikigeuka za njano. Alikuwa amesikiliza vizuri Brigid alipokuwa akimweleza. Alijua swichi ilipo, hatua nne kutoka kwenye kiti. Alishika dirisha kwa mkono wa kushoto, akajiinua, akapiga hatua mbili. Ya tatu ilikuwa ya mguu wa kulia.

Mzee Kipyego alisikia kishindo akiwa upande wa pili wa ua. Aliita mmoja wa wale wanafunzi, msichana, wakamwinua pamoja wakamrudisha kitini. Mzee mwenyewe akaizima ile swichi, akakaa hapo mlangoni, kofia mkononi, mpaka Brigid aliporudi.

Kiwiko kilikuwa kimevimba, lakini hakuna kilichovunjika. Koili ilikuwa imeshainyonya, na jioni ile betri ilikuwa tupu. Taa za nyumba na za vyumba vya uani zilikataa kuwaka, na wanafunzi waliokuwa na mtihani wiki ile walisoma kwa tochi za simu, bila kucheka.

"Inatosha," Wabuge alisema. Alikuwa ameshika kiwiko cha mama yake kwa kitambaa chenye maji, na sauti yake ya upole ya dukani ilikuwa imemwishia. "Mama Mercy, aende. Angalau huko hatavunjika akikimbizana na swichi."

Brigid alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, na alizungumza na Mama kwanza. "Nisamehe. Nilikuacha na kazi ambayo si yako."

"Nilikuwa nimekaribia," Mama Naliaka alisema.

Kisha Brigid akamgeukia mumewe. "Nimekosea kuacha mtu afanye kazi ya kifaa. Nikienda kwa nyumba ya mteja nikakuta fundi amefanya hivyo, ningemfokea. Lakini toka nje ushike ule mkebe, Baba Mercy."

Wabuge alitoka. Alifungua koki akaweka vidole chini yake, akavitoa mbio. Ilikuwa saa moja jioni, mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa, na maji yalikuwa bado moto.

Alisimama hapo kwa muda, akipuliza vidole. Aliporudi ndani hakusema tena habari ya Kimilili. "Hicho kifaa kinauzwa duka gani?" aliuliza. "Kesho natoka kazini saa sita. Nitapitia."

*

Jumamosi saa nane mchana Brigid alifunga kifaa. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kilifanya kitu kimoja tu, bila kuchoka na bila kupigiwa simu kutoka Chepkoilel. Betri ikijaa, kiliita koili. Wingu likipita na betri ikishuka kidogo, kiliizima. Alikipima mara saba, akifunika paneli kwa turubai na kuifunua, huku Wabuge akisoma namba kwa sauti kutoka ndani na Mama Naliaka akimsahihisha alipokosea. Mwisho alifunga kidhibiti cha joto ili maji yasipite nyuzi sitini, maana maji ya kumuunguza mzee si msaada.

Jumapili walikosa kanisa. Saa tano na robo koili iliwaka yenyewe. Saa nane gari jeupe liliingia uani, Selpha akiwa mbele na dereva. Nyuma kulikuwa na godoro lililokunjwa.

Alisalimia wote vizuri, kama mtu aliyekwisha kuamua. Kisha akaona kiwiko.

"Hii ni nini?"

"Alianguka Ijumaa," Brigid alisema. "Nilikuwa nimemwacha na swichi ya kuzima. Alijaribu kuizima. Ni kosa langu, sitakudanganya."

Pengine Selpha alikuwa amejiandaa kwa uongo, na ukweli ulimkosesha mahali pa kushika. Akafunga mkoba wake. "Nguo zake ziko wapi? Nipange."

"Ziko kwa kabati. Lakini Mama bado hajaoga. Amekungoja wewe."

"Mimi?"

"Alisema leo anataka kuogeshwa na binti yake."

Bafu lilikuwa dogo, na Selpha ilibidi avue viatu na kukunja gauni lake la kanisani mpaka magotini. Mama Naliaka alikaa kwenye kiti cha plastiki. Brigid aliwaonyesha koki mbili, ya moto iliyopenya ukutani kutoka kwenye mkebe na ya baridi, akachanganya karai la kwanza, akapima kwa kiwiko, akatoka na kurudisha mlango.

Mwanzoni Selpha alitumia maji kwa hesabu, kikombe kimoja kimoja, jinsi mtu anavyotumia maji ya sufuria yanayokaribia kwisha. Akaongeza karai la pili. La tatu. Mvuke ulijaa mpaka hakuona ukuta. Alimsugua mama yake mgongo, shingo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kila mahali ambapo mama huyo alimsugua yeye zamani. Kisha akauweka ule mkono wa kulia ndani ya karai, akaukanda kama walivyoonyeshwa kliniki, akangoja.

Kidole gumba kilitoka kwanza. Baadaye cha shahada. Vingine vilifuata polepole sana, vikitetemeka, mpaka kiganja kikaelea wazi majini, cheupe na chenye mikunjo. Kilikuwa hakijaonekana tangu mwezi wa tatu.

Selpha alilia bila sauti. Mama yake alimwacha alie.

"Selpha."

"Mama."

"Wewe ni mtoto mzuri. Lakini mimi si godoro, mtu anikunje anipakie." Alivuta pumzi. "Ukinipenda, uje huku. Kwa mlango huu, wakati wowote. Mimi nakaa kwa Brigid."

"Nilidhani wamekutupa, Mama."

"Ni mimi nilikuwa nasema kesho. Nilikuwa naona haya kuwasumbua. Hilo pia ni kosa."

*

Dereva alikuwa amekunywa chai vikombe viwili na kuulizia njia ya kurudi mara tatu. Wabuge alimtoa mama yake akiwa amevaa sweta safi, nywele zimefungwa kitambaa, akamweka juani penye kijia cha saruji. Mzee Kipyego alipita na ndoo yake, akamsalimia, akajaza nusu kwenye koki ya nje kama walivyopatana. Akapima kwa kidole na kuitikia kwa kichwa akiwa ameridhika, akaenda kwa ng'ombe wake bila maneno mengi.

Brigid alikuwa jikoni akikata sukuma wiki. Selpha alikuja akasimama mlangoni, miguu mitupu, gauni limelowa upande mzima.

"Dadangu," alisema. Alitazama sakafu kidogo. "Yale maneno ya Jumanne. Wale watoto wa chuo walisikia."

"Walisikia."

"Nitawaambia mimi mwenyewe kwamba nilikosea. Siyo kukasirika. Hapo sikukosea."

"Hapo hukukosea," Brigid alikubali.

Kisu kiliendelea kukata. Selpha alijikuna mkono, akaangalia nyuma upande wa bafu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mgeni anayeomba chumvi, "Imebaki?"

"Nini?"

"Maji. Kule kwangu nimeoga ya baridi tangu Mei."

Brigid aliweka kisu chini. Alichukua taulo safi kwenye kamba, na sabuni mpya bado katika karatasi yake, akampa. "Yapo ya kutosha. Jua halijaondoka, na koili bado inafanya kazi. Usioge kwa haraka."

Alikaa huko karibu nusu saa. Dereva alipiga honi mara moja, na Wabuge akamwendea akamwomba asipige tena, kuna mtu anaoga. Selpha alipotoka, uso uking'aa, leso ya Brigid kiunoni, hakwenda moja kwa moja kwenye gari. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya ule mkebe, akabonyeza manyoya chini ya nailoni, akafuata waya kwa macho mpaka ukutani na kutoka ukutani mpaka juu ya paa.

"Hii kitu," alimwita Brigid, "inaweza kuwekwa kwangu? Niko na paneli mbili tu."

"Mbili ni kidogo, lakini hauko na friji. Paa lako linaangalia wapi?"

"Sijui. Linaangalia kwa Nicholas, yule jirani."

"Na Nicholas ako upande wa jua likichomoza ama likizama?"

Selpha aligeuka huku na huku, akanyoosha mkono, akaushusha, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Brigid alifuta mikono kwenye aproni, akatoa kalamu nyuma ya sikio na kipande cha karatasi mfukoni, akampa vyote viwili.

"Nichoree nyumba yako," alisema. "Anza na mlango."